Ng'ombe wa Maskini

Husemwa kuwa ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Methali hii imezunguka pwani na bara, ikatamkwa na wengi ambao hawakupata kumiliki hata mkia wa ng'ombe. Husemwa kwa kuugua, na baada ya kuugua watu hunyamaza, kwani huonekana kuwa hukumu isiyo na rufani. Lakini hukumu yo yote yastahili kuulizwa ushahidi wake. Ni nani aliyemtazama ng'ombe huyo usiku na mchana hata akathubutu kusema kuwa hazai? Je, hazai kwa sababu ya umaskini wa mwenyewe, au huitwa tasa kwa sababu maskini hana nafasi ya kumtazama? Kibaigwa, katika wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, yuko mzee mmoja aliyelinunua jibu la swali hilo kwa bei ya ng'ombe mzima.

Kibaigwa ni mji mdogo uliokaa kando ya barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Morogoro. Msafiri aupitaye kwa basi huuona kuwa mji wa mahindi, na hakosei. Liko soko kubwa la nafaka ambalo malori hulijia kutoka pande nyingi, na usiku taa zao haziishi barabarani. Lakini atokaye nje ya mji kidogo, akaipa barabara kisogo na kuelekea penye mibuyu na migunga, hukuta Kibaigwa ya pili. Huko njia zimechimbwa na kwato, na mali ya mtu huhesabiwa jioni mlangoni pa zizi. Wagogo, Wakaguru na Wamaasai hukutana malishoni na penye maji, na mazungumzo yao hayakawii kumfikia ng'ombe. Ng'ombe ni mahari, ni akiba, ni ada ya shule, ni dawa ya mgonjwa, ni heshima ya mwenye mji. Kwa hiyo jike asiyezaa hapunguzi maziwa na nyama tu; hufunga mlango mmoja wa nyumba.

Mzee huyo alikuwa na ng'ombe kumi na wanne, na mmoja wao alikuwa jike wa rangi ya majivu. Jike huyo alizaa mara mbili, kisha akapitisha miaka miwili bila ndama. Mwaka wa tatu mvua zilikatika mapema, malisho yakaisha kabla ya wakati wake, na mwezi wa Septemba ada ya mtoto mmoja wa nyumba ikawa inadaiwa. Shauri la jamaa halikuchukua muda mrefu. Ikiwa ni lazima mmoja aende mnadani, na aende asiye na faida. Jike wa majivu akaswagwa, akauzwa kwa bei ya ng'ombe aliyekonda, na aliyemnunua alikuwa mchinjaji wa papo hapo mjini. Siku ya tatu mchinjaji alimkuta mzee sokoni, akamsalimu kwa adabu, akamvuta kando.

"Mzee wangu," alisema, "yule ng'ombe hakuwa tasa. Tulimkuta na ndama tumboni, mkubwa kiasi cha paka."

Mzee alikaa kimya. Kisha akauliza, "Dume au jike?"

"Jike, mzee."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akaendelea na njia yake. Hakumlaumu mchinjaji, kwani mchinjaji hakuwa na kosa. Alinunua nyama, akapata nyama. Aliyeuza ndiye hakujua alichokiuza.

Msiba huo haukumpata mzee peke yake. Wakaguzi wa nyama katika machinjio ya Tanzania, na ya nchi nyingine nyingi za Afrika, wamezoea kuona mimba matumboni mwa ng'ombe waliochinjwa. Baadhi ya wauzaji hujua, nao huuza kwa kusukumwa na shida. Lakini wengine huuza kama mzee yule alivyouza: kwa kutojua. Ng'ombe wa maskini alikuwa amekwisha anza kuzaa, ila hapakuwa na mtu wa kumwambia maskini.

Mtu wa mjini aweza kushangaa. Mtu aliyezaliwa katika ng'ombe, akalelewa kwa maziwa yao, awezaje kutojua hali ya ng'ombe wake mwenyewe? Jibu liko katika saa. Jike asiye na mimba, mwenye afya na mwili mzuri, huja kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi. Mwingine siku 18, mwingine 24. Joto lenyewe ni fupi. Kwa ng'ombe wa asili ya Ulaya laweza kuendelea saa 12 hadi 18, lakini kwa ng'ombe wenye nundu, kama zebu wa Ugogo na Boran, mara nyingi ni kiasi cha saa 10 tu, na dalili zake ni za haya. Jike huhangaika, hulia, huacha malisho na kunusa wenziwe, hutoa ute mwangavu, na dalili iliyo kubwa kuliko zote, husimama imara mwenziwe ampandapo. Tena mambo hayo hupenda giza. Mengi hutendeka kati ya machweo na mapambazuko, wakati mchungaji aliyetembea na mifugo tangu asubuhi amelala usingizi alioutolea jasho. Basi na ihesabiwe: siku 21 zina saa 504, na katika hizo jike husema neno lake kwa saa 10, na huenda akalisema usiku wa manane. Asiyelisikia hungoja siku 21 nyingine.

Nazo siku 21 si kidogo. Mimba ya ng'ombe huchukua kiasi cha siku 285, na mwaka una siku 365. Jike atakiwaye kuzaa kila mwaka amebakiwa na siku 80 tu za kupona uzazi, kumnyonyesha ndama, kurudi kwenye joto na kushika mimba tena. Joto likimpita mara 3 bila kupata dume wala mbegu ya mhimilishaji, zimepotea siku 63, na mwaka umeponyoka. Kongwa hesabu hiyo ni kali zaidi, kwa kuwa mbingu nazo zina kalenda yao. Mvua ni za msimu mmoja, kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba hadi Aprili, na kwa kawaida ni kiasi cha milimita 500 kwa mwaka. Jike ashikaye mimba katikati ya Machi huzaa karibu na Krismasi, majani mabichi yanapochipua. Ashikaye mimba katikati ya Agosti huzaa mwishoni mwa Mei, nyasi zinapoanza kukauka, na ndama wake huanza maisha kwa kufunga. Aijuaye siku ya mimba, basi, ajua kama ndama atazaliwa penye majani au penye vumbi.

Mwisho wa mwaka ule mjukuu wa mzee, binti aliyekuwa akisomea mifugo, alirudi nyumbani kwa likizo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umesikia habari za jike wa majivu?"

"Nimesikia, babu. Pole sana."

"Nimekwisha poa. Niambie jambo moja. Huko chuoni wamekufundisheni kumwuliza ng'ombe akajibu?"

"Wametufundisha kwamba hujibu siku zote, babu, ila sisi huwa tumelala."

Mzee akacheka kwa mara ya kwanza tangu Septemba, na mazungumzo yao yakafika usiku. Hadithi aliyoisimulia binti ilikuwa ya watu waliotafuta macho yasiyolala. Mwaka 1954 mtaalamu wa Marekani, Edmond Farris, alitoa taarifa kuwa ng'ombe wa maziwa akiwa kwenye joto hutembea zaidi kuliko desturi yake. Wachungaji walikuwa wakilijua hilo tangu enzi. Kipya kilikuwa kulihesabu. Baadaye ng'ombe wakafungwa mguuni vihesabu hatua. Katika miaka ya 1990 kikatumika kifaa kinachobandikwa juu ya shina la mkia: jike apandwapo, uzito wa mwenziwe hukibonyeza, nacho hutuma habari kwa redio, pamoja na saa na muda wa tendo hilo. Leo viko vihisi vidogo vinavyowekwa katika ukanda wa shingoni au katika hereni ya sikio. Kihisi huupima mwendo wa shingo au sikio mara nyingi katika kila dakika, na kwa mwendo huo hutambua kama ng'ombe anakula, anacheua, amelala au anatembea. Jike ajapo kwenye joto, kutembea huzidi na kucheua hupungua. Hapo ujumbe huingia katika simu ya mwenyewe, hata kama ni saa nane za usiku. Mhimilishaji huufuata ujumbe huo kwa kanuni iliyotokana na uchunguzi uliofanywa Nebraska, Marekani, katika miaka ya 1940: jike aliyeonekana na joto asubuhi ahimilishwe jioni, na aliyeonekana jioni ahimilishwe asubuhi ya pili.

Mzee alisikiliza kwa makini, kisha akauliza swali ambalo lingemfaa profesa. Alisema kuwa wakati wa kiangazi ng'ombe wake wote hutembea mwendo mrefu kufuata maji. Je, kifaa hicho hakitasema kuwa zizi zima lina joto? Binti akajibu kuwa kifaa kilichotengenezwa vema hakimlinganishi ng'ombe na ng'ombe wa Ulaya asimamaye bandani. Humlinganisha na nafsi yake ya jana na ya juzi, saa ile ile, na humlinganisha na wenziwe wa kundi moja. Wote wakitembea, hapana habari. Mmoja akitembea wakati wenziwe wamelala, hapo pana neno.

Hata hivyo binti hakuficha udhaifu wa vifaa hivyo. Vingi vilibuniwa kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa, ambaye huja kukamuliwa mara mbili kwa siku, umeme uko karibu na mtu yuko karibu. Ng'ombe wa nyama ana maisha mengine. Katika ranchi kubwa aweza kupitisha majuma bila mtu kumtazama kwa karibu. Redio ya ukanda haimfiki aliye nyuma ya kilima, na betri ikiisha hapana wa kuibadili. Ndiyo sababu kwa ng'ombe wa malishoni zilitafutwa njia nyingine: minara ya redio yenye kufika mbali kwa nguvu kidogo, na hereni zenye kioo kidogo cha kupokea jua, ambazo hutuma habari zao moja kwa moja kwa setilaiti. Dodoma ina upungufu wa mambo mengi, lakini haijapata kupungukiwa na jua.

Mzee akatoa hoja ya pili. "Mjukuu wangu, fahali hana ukanda wala simu, naye hajapata kukosea jike mwenye joto. Kwa nini ninunue pua ya chuma nami ninayo pua ya nyama?"

Hoja hii ina uzito, na wafugaji wengi wa ng'ombe wa nyama duniani huishi kwayo. Fahali mmoja mzima aweza kutosha majike 25 au 30, na kazi yake haidai mshahara. Lakini fahali haandiki. Humpanda jike usiku, na asubuhi hamwambii mtu. Fahali aweza kuwa mlemavu wa mguu au mgumba, na bwana wake asijue mpaka msimu umekwisha na matumbo yote ni matupu. Tena katika malisho ya pamoja fahali wa jirani hana mpaka: huacha mbegu njema na mbaya, huwarudia binti zake mwenyewe, na aweza kueneza magonjwa ya uzazi yanayowafanya majike kutupa mimba. Kifaa cha kuhesabu hakiji kumfukuza fahali. Huja kuwa karani wake. Kikionyesha kuwa majike waliokwisha pandwa wanarudi kwenye joto baada ya siku 21, kimemshtaki fahali mapema, wakati bado kuna nafasi ya kumbadili.

Iko na njia nyingine, ambayo kwa nchi kame huenda ikafaa kuliko kanda za shingoni. Katika malisho makubwa ya Queensland, Australia, ng'ombe hupitishwa mmoja mmoja katika ujia mwembamba waendapo kunywa maji. Chini ya miguu yao pana mizani, na pembeni pana chombo kinachosoma namba ya hereni. Ng'ombe hakamatwi wala hapigwi. Kiu yake ndiyo imwongozayo. Kila anywapo, uzito wake umeandikwa. Siku jike anapozaa, uzito hushuka ghafula, na tarehe ya uzazi imejulikana bila mtu kuwapo. Tena ndama mwenye hereni humfuata mamaye katika ujia huo, na kwa kuangalia ni nani apitaye nyuma ya nani, siku baada ya siku, hujulikana ndama ni wa jike yupi. Mzee alilipenda jambo hili kuliko yote. Alilielewa mara moja, kwa kuwa kiangazi cha Kongwa nacho hukusanya ng'ombe wote penye lambo moja. Ukame ambao siku zote ulikuwa adui, hapa ulionekana kana kwamba waweza kufanywa mchungaji.

Lakini mzee alikuwa mtu wa Kibaigwa, na mtu wa Kibaigwa hawezi kusikia neno mizani bila kukumbuka soko. Mkulima wa nchi hii aijua lumbesa: gunia lililoshindiliwa na kuongezwa kilemba juu, likabeba zaidi ya kipimo, likanunuliwa kwa bei ya gunia moja. Huanza kama ukarimu, huishia kuwa desturi ya kumpunja aliyelima.

"Mizani naiamini," alisema. "Aliyeishika ndiye simwamini. Hizo namba za ng'ombe wangu zitakaa kwa nani?"

Binti hakujibu haraka, na hakukosa busara kwa kutojibu. Hilo ndilo swali lililo chini ya maswali yote ya vifaa hivi. Habari ya kuwa jike fulani ana mimba ya miezi minne ni mali. Ikikaa kwa mfugaji, humzuia kuuza utajiri wake kwa bei ya mifupa. Ikikaa kwa mnunuzi peke yake, yeye ndiye atakayejua lini mfugaji ana shida, na ni ng'ombe yupi wa kumtamani kwa bei ndogo. Kifaa ni kile kile. Tofauti ni mkono unaousoma ujumbe.

Wazee wa Kongwa wana sababu nyingine ya kuzipima mashine kabla ya kuzishangilia. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, na Kongwa ikawa mahali pa kwanza. Zilikusudiwa kulimwa ekari zaidi ya milioni 3. Matrekta yaliletwa, mengi yakiwa masalio ya vita, na hata vifaru viligeuzwa kuwa matrekta. Mibuyu iling'olewa. Lakini mvua ya Kongwa haikuulizwa vya kutosha, wala udongo wake haukuulizwa huwa mgumu namna gani ukikauka. Mwaka 1951 mpango uliachwa, baada ya kuteketeza kiasi cha pauni milioni 36. Sehemu ya nchi iliyofyekwa kwa ajili ya karanga ikageuzwa kuwa malisho, na leo Ranchi ya Kongwa, iliyo chini ya Kampuni ya Ranchi za Taifa, hufuga ng'ombe wa Boran hapo karanga ziliposhindwa. Mashine za 1947 zilikuja kuiamuru nchi. Ikiwa vihisi vya leo vina tumaini lo lote la kufanikiwa katika nchi ile ile, ni kwa sababu kazi yao ya kwanza ni kusikiliza. Lakini hata msikilizaji aweza kuwa kiziwi, iwapo amefundishwa lugha ya ng'ombe wa mbali na kuletwa hapa bila kufundishwa lugha ya zebu wa Ugogo, mwenye joto fupi na miguu ya safari ndefu.

Si mbali na hapo uko mfano wa namna ya pili. Mpwapwa, ambako kituo cha mifugo kilianzishwa wakati wa utawala wa Wajerumani, wataalamu walitumia miaka mingi kabla ya Uhuru kuchanganya damu ya zebu wa nchi na ya Boran, pamoja na Sahiwal na Red Sindhi wa Asia ya Kusini, na sehemu ndogo ya Ayrshire wa Ulaya, hata wakapata aina ya ng'ombe iitwayo Mpwapwa. Hawakuwa na setilaiti. Walikuwa na kalamu, daftari na mtu aliyeamka mapema. Kila jike alikuwa na ukurasa wake: alizaliwa lini, alipandwa na nani, alizaa lini, ndama alikuwa na uzito gani. Kihisi cha leo ni mtoto wa daftari lile. Asiyeona faida ya daftari hataona faida ya kihisi. Atakuwa amebadili tu aina ya kitu asichokisoma.

Tanzania yenyewe, yenye ng'ombe zaidi ya milioni 30, imekwisha piga hatua ya kwanza katika njia hii. Mwaka 2010 ilitungwa sheria ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo. Baadaye zikaja hereni za kielektroniki, zikazua mabishano makubwa kati ya wafugaji juu ya gharama na faida yake, na mwaka 2025 ikazinduliwa kampeni ya taifa iliyounganisha utambuzi wa mifugo na chanjo. Hereni hiyo yenyewe haihesabu hatua wala haijui joto. Ikikaribiwa na chombo cha kuisomea hutaja namba yake, basi. Lakini bila namba hapana ukurasa, na bila ukurasa hapana kumbukumbu. Mizani ya penye maji haiwezi kumwandika ng'ombe asiye na jina.

Yafaa pia kusema kile ambacho kifaa hakiwezi. Jike aliyekuwa akija kwenye joto kisha akanyamaza huenda ameshika mimba. Lakini jike aliyezaa, anyonyeshaye, mbavu zake zikahesabika, naye hunyamaza, kwa kuwa mwili wenye njaa hauna nafasi ya mgeni. Kimya ni kimoja, maana ni mbili, na mkono wa mtaalamu wa mifugo ndio utakaozitenga. Wala hakuna ukanda wa shingoni uwezao kumlisha ng'ombe. Asiye na majani ya akiba atapata ujumbe mwingi katika simu na ndama wachache katika zizi. Hapa methali ya wazee imesema kweli kwa sehemu yake: umaskini wa malisho huweza kufunga tumbo. Lakini iliyobaki, ile ya kutoona na kutoandika, si amri ya majaliwa.

Mzee hakununua ukanda hata mmoja, kwa kuwa fedha ya kanda kumi na tatu haikuwapo. Binti alinunua chaki nene za rangi na daftari la kurasa mia. Kila jioni kuanzia Februari, ng'ombe wakisha kuingia zizini, alipaka rangi juu ya shina la mkia wa kila jike. Jike aliyepandwa usiku huamka rangi yake imefutika na manyoya yamevurugika. Likizo ilipokwisha alimwachia kazi hiyo mdogo wake, mvulana wa darasa la saba, kwa masharti ya kuandika kila siku. Chaki ilikuwa kihisi chao, na daftari lilikuwa mnara wao. Ni chombo duni, lakini kilikuwa na sifa moja ambayo mzee aliipenda: habari zake zililala chini ya mto wake mwenyewe.

Tarehe 17 Machi rangi ya mtamba mmoja mwekundu ilikutwa imefutika, na fahali wa mzee alikuwa bado amesimama karibu naye kama mwenye nyumba. Kijana akaandika. Siku 21 zikapita, rangi ikabaki. Siku 42 zikapita, rangi ikabaki. Mwezi wa Juni mtaalamu wa mifugo alipopita, mzee alimwomba ampime mtamba huyo kwa mkono, na mkono ukakubaliana na daftari.

Septemba ikarudi, kwa maana Septemba haisahau kurudi. Malisho yalikuwa yamekwisha, ada ilidaiwa tena, na jamaa walikaa tena katika shauri. Mmoja wao alimnyoshea kidole mtamba mwekundu. Amekonda, alisema, na tangu azaliwe hajaleta faida yo yote. Mzee hakubishana. Aliingia ndani, akatoka na daftari, akampa kijana asome kwa sauti. Kijana alisoma mstari mmoja. Baada ya hapo waliuza maksai mmoja mzee aliyekuwa amechoka kukokota jembe, na hapana aliyemtaja mtamba tena.

Alizaa tarehe 28 Desemba, siku ya pili ya mvua kubwa, saa ambayo hapana aliyekuwa macho. Walimkuta asubuhi akimlamba ndama wake. Binti alikuwa amerudi kwa likizo, naye ndiye aliyeinama kumtazama.

"Dume, babu."

Mzee alicheka hata akashika ukuta wa zizi. Methali ilikuwa imeipata nusu yake. Lakini methali ile yaelekea ilitungwa na mtu wa maziwa, ambaye dume kwake ni mdomo usio na kiwele. Kwa mtu wa jembe na wa nyama, dume ni maksai wa kesho, au ni ada ya shule yenye miguu minne. Alimwambia binti aandike siku, mama, rangi na jinsia. Binti aliandika. Kisha mzee akamwagiza aruke mistari michache na kupiga mstari mrefu chini yake, kwa kuwa hesabu ya siku 80 ilikuwa imekwisha anza asubuhi ile.